Walimu Watatu wa Kubadilishana

Ninyi mnaoanza kazi leo mmekuta kompyuta katika kila chumba, hata kwa mlinzi wa lango. Siku mliponiaga nikistaafu mliniomba niandike jinsi sisi tulivyoanza. Haya, naandika. Nilipandishwa cheo lini sitasema, kwa sababu hapo hamtajifunza kitu, na baadhi ya waliopandishwa pamoja nami mpaka leo hawajui kuwasha mashine. Nitaeleza programu moja tu, ile ya kuwaoanisha walimu waliotaka kubadilishana vituo. Hiyo ndiyo iliyonifundisha kazi, na ndiyo iliyoninyima utulivu kuliko zote.

Niliingia ofisi ya walimu ya mkoa, hapa Kisangani, wakati wa Zaire, chama kikiwa kimoja na sisi sote tukiitwa citoyen na citoyenne, yaani raia. Kila asubuhi kabla ya kufungua mafaili tulisimama uani tukaimba na kucheza kumsifu kiongozi wa nchi. Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vipya. Nilicheza navyo, nikaingia ofisini nikichechemea. Mtu wa kwanza kunisemesha alikuwa Mama Botaka. Alitazama miguu yangu, akasema viatu vya kuimbia na viatu vya kazi ni aina mbili, kisha akanionyesha meza yangu.

Mama Botaka alikuwa ametoka kiwanda cha nguo, ambako alifanya kazi miaka mingi kwenye mashine za kadi zilizotobolewa. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ndogo, na liputa lake, kitenge cha kujifunga, lilikuwa limenyooshwa pasi hata siku ambazo mji mzima haukuwa na umeme. Sikuwahi kujua alifanyaje. Ujuzi wangu wote wa kazi hii umeanzia kwake.

Kompyuta ililetwa katikati ya miaka ya themanini na wafadhili fulani. Ilikuwa moja, ya kuweka mezani, yenye kioo cha herufi za kijani, na printa iliyopiga kelele kama cherehani ya fundi mwenye haraka. Mkurugenzi aliiweka ofisini kwake, akaifunika kitambaa, wageni wakawa wanaonyeshwa. Mama Botaka alikuwa akiingia kila asubuhi, anamsalimu vizuri, anauliza habari za watoto, halafu anauliza habari za mashine. Mkurugenzi alichoka, akatukabidhi mashine.

Umeme ulitoka kwenye bwawa la Tshopo, ukija na kuondoka ulivyopenda. Mtu aliandika mistari michache, akaihifadhi kwenye disketi, akashusha pumzi, akaandika mingine. Mama Botaka hakuniruhusu kugusa kibodi kabla sijaandika programu yote kwenye karatasi na kumsomea kwa sauti, yeye akijifanya mashine. Nikikosea alinyamaza tu, kama mashine inavyonyamaza. Siku moja aliniambia, "Usiambie mashine kitu chenye haujaweza kuambia mutu."

Sasa kuhusu kazi yenyewe. Mwalimu wa serikali alipelekwa mahali ofisi ilipotaka, si mahali familia yake ilipo. Mke alikuwa Isangi, mume Bafwasende. Mzazi mgonjwa yuko Opala, mtoto pekee anafundisha Kisangani. Sheria iliruhusu walimu wawili kubadilishana vituo kama wote wamekubali. Shida ilikuwa kumpata huyo wa pili. Maombi yalijaa kabati zima, na kila muhula yaliongezeka. Mkurugenzi alisema mashine iwapatanishe. Wenzangu ofisini waliposikia naandika programu ya kuoanisha watu, walianza kuniita padri, wakaniuliza sherehe ya ndoa itakuwa lini.

Nilicheka nao, lakini mimi mwenyewe nilikuwa katika kabati lile. Mume wangu, Amisi, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Opala, kule kwenye mto Lomami. Alikuja likizo, kama baleinière, ile mashua kubwa ya mbao, haikuharibika njiani au barabara ya ng'ambo haikuwa imekatika. Mtoto wetu wa mwisho alimjua kidogo sana, na safari moja alimpokea kwa adabu zote, akamwita tonton, yaani mjomba. Amisi alimbeba tu. Tangu siku hiyo sikuweza kukaa mahali pamoja. Nyumbani nilifagia palipokwisha kufagiliwa. Ofisini nilisimama, nikaketi, nikaenda dirishani kutazama kama lori la Opala limefika, nikijua kwamba siku hiyo si siku yake.

Programu ya kwanza ilikuwa nyepesi. Kila mwalimu aliwekewa mahali alipo na mahali anapotaka. Mashine ilimchukua mmoja, ikamtafutia mwingine aliyeko pale anapotaka na anayetaka pale alipo. Niliiendesha nikiwa nimesimama. Ilifanya kazi muda mrefu, ikatoa karibu karatasi nyeupe. Watu wote walitaka Kisangani, na wa Kisangani waliotaka kuondoka walihesabika, tena hawakutaka kwenda walikokuwa wale wanaotaka kuja.

Niliona aibu, nikataka kumwambia Mkurugenzi kwamba haiwezekani. Mama Botaka aliniuliza kama nimewahi kuona wanawake sokoni siku ambazo hakuna mwenye pesa ndogo. Mimi nina samaki, nataka pondu, majani ya muhogo. Wewe una pondu, lakini hutaki samaki, unataka mafuta. Yule pale ana mafuta na anataka samaki. Wawili hatuwezi kupatana, ila tukiwa watatu kila mtu anarudi nyumbani na chakula chake. Alieleza haya huku akifunga mkoba wake aende zake, kama mtu anayetaja habari za mvua.

Niliandika upya. Mashine ikaanza na mwalimu wa Kisangani anayetaka kutoka, ikamfuata mpaka pale anapotaka kwenda, ikamtafuta aliyeko pale anayetaka kutoka, ikamfuata na huyo, mpaka impate mtu anayetaka Kisangani. Mduara unafungwa. Mara ya kwanza ilinifungia mduara ambamo mwalimu wa mazoezi ya mwili alipewa masomo ya Kilatini, kwa hiyo niliongeza daraja na somo. Halafu nikaongeza lugha, kwa sababu mwalimu wa madarasa ya chini huko Opala lazima ajue Lingala, vinginevyo watoto watamtazama tu. Ndivyo nilivyoelewa kwamba kuoanisha watu si kutafuta wanaofanana. Ni kutafuta ambao haja zao zinaweza kukaa pamoja.

Ndipo mduara wa kweli ukatoka. Kambale, mwalimu wa hapa mjini, mtu wa Butembo, alitaka Bafwasende ili awe kwenye barabara ya kwao. Likunde, mwalimu wa Bafwasende, alitaka Opala kwa sababu ya mama yake mzee. Na mtu wa Opala wa kuja Kisangani, mashine iliandika, ni Amisi.

Nilisoma mstari ule nikiwa nimeshika ukingo wa meza. Mama Botaka alikuja nyuma yangu, akasoma pia.

"Amisi ni wa darasa gani?" akauliza.

Nikamwambia la tatu.

"Na huko Opala iko mwingine wa darasa la tatu anataka Kisangani?"

Nikamwambia yuko mmoja, Mama Losema.

"Juu ya nini mashine ilichukua Amisi?"

"Juu yeye ndiye wa kwanza."

"Wa kwanza kwa nini?"

"Kwa herufi," nikasema. "Majina yamepangwa kwa herufi."

Alinyamaza vilevile alivyonyamaza nilipomsomea programu yenye kosa, akarudi kwenye meza yake.

Ombi la Mama Losema nilikuwa nimeliingiza mwenyewe, nililijua. Binti yake alikuwa na ule ugonjwa wa damu unaoumiza watoto viungo na kuwapunguzia damu mwilini, na zahanati ya Opala haikuwa na namna ya kumwongezea. Amisi naye alikuwa amenieleza habari za huyo mtoto, maana walifundisha shule moja. Siku hiyo niliondoka ofisini kabla ya saa, nikatembea kutoka mjini mpaka ukingo wa mto, nikapanda tena mpaka sokoni bila kununua kitu, nikarudi mtoni. Nilijiambia kwamba sikupanga herufi mimi. Nilijiambia kwamba watoto wangu nao ni watoto. Yote mawili yalikuwa kweli, na hayakunisaidia, kwa sababu nilijua kwamba kesho nitakaa mbele ya mashine na mimi ndiye nitakayeiambia nani awe wa kwanza.

Asubuhi niliandika kanuni kwenye karatasi, nikamsomea Mama Botaka. Wawili wakilingana, mwenye mgonjwa anayehitaji hospitali atangulie. Wakilingana tena, atangulie aliyetengana na familia yake kwa muda mrefu zaidi. Herufi ya jina iwe ya mwisho kabisa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Bon. Sasa andika." Nikaandika. Printa ikatoa jina la Mama Losema kwa kelele ileile iliyotoa la mume wangu.

Kambale alipoitwa alikuja siku hiyo hiyo, na kwa alivyozungumza, mizigo ilikuwa imefungwa tayari. Mama Losema alijibu kwa fonie, redio ya mawasiliano ya misheni. Sauti ilikuwa imejaa mikwaruzo, tukasikia anashukuru, anashukuru tena. Likunde hakujibu. Tulimwita Bafwasende asubuhi, tukamwita mchana, kesho yake vilevile. Mtu wa fonie alisema mwalimu amepata habari ila hasemi kitu. Mwaka wa shule ulikuwa unakaribia, na bila yeye hakuna atakayesogea.

Siku hizo za kungoja ndizo zilizokuwa mbaya. Wazo lilikuja bila kuitwa: Likunde akiendelea kunyamaza, mduara utavunjika wenyewe, muhula ujao mashine itaanza upya, na huenda mambo yakampa Amisi nafasi. Hakuna mtu angenilaumu. Nilipoona kwamba nimeanza kutotamani fonie ilie, nilienda kwa Mkurugenzi kuomba ruhusa ya kusafiri. Alisema ofisi haiwezi kumtembelea kila mwalimu aliyekasirika. Mama Botaka alimweleza kwa upole kwamba mduara wa kwanza wa kompyuta katika mkoa utapendeza sana kwenye ripoti ya Kinshasa. Akatia saini.

Nilipanda lori la chumvi na sabuni. Barabara ya Bafwasende mnaijua, au mnaijua ya sasa, ambayo si nzuri zaidi. Kwenye kila shimo tulishuka, wanaume wakachimba, sisi wanawake tukakata majani ya kuweka chini ya magurudumu, tukapanda tena tukiwa na tope mpaka magotini. Hata lori lilipokuwa limekwama mimi nilitembea mbele yake na kurudi, mpaka dereva akaniuliza kama nataka kufika kwa miguu.

Nilimkuta Likunde nyuma ya nyumba ya walimu, anatengeneza mpini wa sepetu. Walimu wengi wa huko walikwenda machimboni siku zisizo na masomo, na wengine hata zenye masomo. Alikuwa kijana mrefu, mpole, asiyetazama mtu usoni. Alinipa kiti, akanipa lituma, ndizi za kupondwa, na maji ya kunywa, akangoja nile ndipo tuzungumze. Nikamweleza nimetoka wapi na kwa nini.

"Mama yangu alikufa," akasema.

Nilimpa pole. Nilimuuliza ni lini.

"Kisha mimi kuandika ile demande ya kuenda Opala. Nilisikia kwa fonie. Matanga ilikwisha mbele nipate lori." Aligeuza mpini mkononi. "Donc, Opala nitaenda kufanya nini?"

Mashine haikujua kwamba yule mama amekufa, na mimi sikuwa nimeuliza. Niliketi pale na tope langu, nikaona kwamba nimesafiri kote huko kumpelekea mtu kitu ambacho hakihitaji tena. Kwa kuwa sikuwa na la kumshawishi, nilimweleza tu mambo yalivyo: mtoto wa Mama Losema, hospitali, Kambale anayengoja na mizigo.

Likunde alisikiliza. Halafu akauliza, "Na wewe, mama, unapata nini mule ndani?"

"Sipati kitu. Bwana yangu iko anafundisha Opala. Mama Losema akitoka, yeye anabaki."

"Donc unapoteza."

"Napoteza, ndiyo."

Kwa mara ya kwanza alinitazama. Wanafunzi walipita barabarani na mitungi ya maji, wakamsalimu mwalimu wao, akaitikia.

"Ile nyumba naiogopa," akasema mwishowe. "Kila likizo nilikuwa nafika, namukuta kwa mulango. Sasa nitafika, nitakuta nani?"

Nikamuuliza kama ana wadogo. Akasema anao wasichana wawili, wanakaa kwa tonton yake, kijiji hicho hicho.

"Basi utakuta wao," nikasema.

Aliangalia mpini kama anaupima, akaulaza chini. Aliuliza darasa la Mama Losema ni la ngapi na lina watoto wangapi. Nikamwambia ni la tatu, na watoto ni wengi. Akasema ataondoka na lori la kwanza, ila nisimwambie mtu kwamba alinikatalia. Nawaambia ninyi kwa sababu naye alishanipa ruhusa, miaka mingi baadaye, tulipokutana hapa mjini akiwa na mvi.

Mduara ulifungwa. Kambale alikwenda Bafwasende, Likunde Opala, na Mama Losema akashuka kwenye baleinière na binti yake amefungwa shuka. Mtoto alilazwa wiki ile ile, akaongezewa damu. Aliugua tena na tena miaka iliyofuata, kama ugonjwa ule ulivyo, lakini alikua, akasoma, akafikia utu uzima ambao daktari hakuwa ametuahidi.

Amisi alikuja likizo. Nilikuwa nimepanga namna ya kumweleza, nikapoteza mpango wote alipoingia mlangoni. Nikamwambia nikiwa nasonga ugali, bila kugeuka: kwamba jina lake lilitoka, kwamba nililiondoa, na kwa nini. Nilipomaliza nikageuka.

"Ungeniuliza, Feza," akasema.

"Ungesema nini?"

"Ningesema hivyohivyo ulivyofanya. Huyo mtoto mimi nimembeba kwa baiskeli mpaka zahanati, naujua uzito wake." Alivua miwani akaiweka mezani. "Lakini ungeniuliza."

Hatukugombana. Ingekuwa nafuu kama tungegombana. Alimaliza likizo, akarekebisha paa, akacheza na watoto, akapanda baleinière kurudi, na mimi nikabaki na maneno yale yakizunguka kichwani kila nilipowasha mashine. Likunde kule Bafwasende alikuwa amenionyesha jambo lile lile kwa njia nyingine: kwamba tulikuwa tumeoanisha karatasi zao, na watu wenyewe walikuwa wamesonga mbele.

Kwa hiyo nilibadilisha programu. Mashine haikuruhusiwa tena kutoa orodha ya mwisho. Ilitoa mapendekezo, na kila mtu aliulizwa kwa sauti kabla hatujaandika kitu. Mkurugenzi alilalamika kwamba sasa kompyuta ni ya polepole kuliko karani. Alikuwa na sababu yake, kwani alitaka mpwa wake aletwe mjini, na kwenye mapendekezo mpwa hakuonekana. Kanuni ya mgonjwa nayo ilijulikana, na muhula uliofuata mkoa mzima uliugua. Vyeti vya daktari vilikuja vya kila rangi, kimoja kikisema mwalimu wa kiume anasumbuliwa na mimba. Mama Botaka alisoma kile kwa makini, akasema huyo kweli anahitaji hospitali, akakirudisha kwa mwenyewe.

Miduara mingine ilifungwa, mingine ilivunjika. Mimi niliendelea kusimama na kuketi, kwenda dirishani na kurudi. Miaka ikapita hivyo, mpaka asubuhi moja jina la Amisi likatoka tena. Kijana wa hapa Kisangani alitaka Opala, ambako mchumba wake alikuwa anafundisha, kijana mwenyewe akiwa wa darasa la tatu, Lingala yake safi. Hapakuwa na mgonjwa aliyemtangulia Amisi, wala aliyetengana na familia yake muda mrefu kuliko sisi. Mama Botaka aliisoma kanuni yote kwa sauti, mstari kwa mstari, akasema haoni kosa.

Kilichobaki ni kumuuliza mwenyewe. Ningeweza kumwita kwa fonie kama wengine wote, lakini kwa fonie mkoa mzima unasikiliza. Niliomba likizo, nikawaacha watoto kwa dada yangu, nikavuka mto, nikapanda lori la kwenda Opala. Sikuwahi kufika huko. Miaka yote ile yeye ndiye aliyesafiri.

Nilifika asubuhi, masomo yakiwa yanaendelea. Mlinzi alinionyesha darasa. Nilisimama mlangoni na kikapu changu, nimejaa vumbi, na watoto wote wakageuza vichwa. Amisi aligeuka na chaki mkononi. Nilifungua mdomo niseme yote mara moja, pale pale, mbele ya darasa.

"Ngoja nimalize kipindi," akasema.

Nikaketi barazani kwenye benchi la wanafunzi. Alikuwa anafundisha kugawanya, na kuna mtoto hakuelewa, akaeleza upya, polepole, kwa Lingala, akamwita mwingine ubaoni, akamsubiri. Nilikuwa mke wake miaka yote hiyo na sikuwahi kumsikia akifundisha. Sikusimama wala sikutazama barabara. Nilimsikiliza mpaka kengele ikalia na watoto wakanipita mbio.

Alitoka akipangusa chaki mikononi, akaketi karibu nami.

"Bon," akasema. "Sasa uliza."

Nikamuuliza. Akasema ndiyo. Muhula uliofuata tulikuwa nyumba moja.